Cheti cha Ugenini, Kazi ya Nairobi: Jinsi Sifa za Kitaaluma Kutoka Nje Zinavyotambuliwa

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Eastleigh na Pumwani hadi Kayole, Umoja na Komarock, kuna wakazi wengi waliozaliwa na kusomea nje ya Kenya. Wapo waliokuja kwa biashara, waliofuata jamaa zao, na waliokimbia vita. Kati yao wamo wauguzi, walimu, wahasibu, wahandisi na mafundi. Hata hivyo, jirani huwajua kwa kazi nyingine. Muuguzi huuza mandazi asubuhi, mwalimu wa hisabati hubeba marobota ya nguo Gikomba, na mhandisi huendesha bodaboda ya mtu.

Hasara hiyo si ya mtu mmoja. Mtaa ambao mama wajawazito hupanga foleni tangu alfajiri unaweza kuwa na mkunga aliyefunzwa miaka mitatu anayeishi ghorofa ya nne, asiyeruhusiwa kumhudumia yeyote. Wakati huohuo, sheria inayomzuia ina sababu yake: mgonjwa hana njia ya kujua kama mtu aliyeshika sindano alisoma kweli.

Somo hili linaeleza safari ya cheti kutoka nchi nyingine hadi kazini Nairobi. Linawafaa wenye vyeti hivyo, waajiri, wazee wa mitaa, na yeyote anayeulizwa na jirani, "Nianzie wapi?"

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma, msomaji aweze:
1. Kutofautisha hatua nne ambazo watu wengi huzichanganya.
2. Kutaja ofisi inayohusika na kila hatua.
3. Kutambua mitego ya majina ya vyeti, tarehe na tahajia za majina ya watu.
4. Kumwelekeza mwenye cheti, au asiye nacho, kwenye njia halali.

HATUA NNE ZISIZOFANANA

Mtu akisema "cheti changu hakikutambuliwa Kenya", anaweza kuwa anazungumzia jambo lolote kati ya manne.

La kwanza ni uhalisi. Swali hapa ni moja: je, cheti hiki kilitolewa kweli na chuo kilichotajwa, kwa mtu huyu? Jibu hutoka kwa chuo chenyewe au baraza la mitihani la nchi ya asili.

La pili ni ulinganifu. Cheti ni halisi, lakini kinalingana na kipi cha Kenya? Je, ni sawa na cha sekondari, diploma au shahada?

La tatu ni usajili wa taaluma. Kulinganishwa na diploma ya uuguzi hakumfanyi mtu kuwa muuguzi wa Kenya. Baraza la taaluma husika ndilo humsajili na kumpa leseni ya kufanya kazi.

La nne ni ruhusa ya kufanya kazi kwa asiye raia. Hili ni jambo la uhamiaji, wala si la elimu.

Kila hatua ina ofisi yake, fomu zake na malipo yake. Mtu aliyemaliza ya pili akadhani amemaliza zote hushangaa akikataliwa kazi. Naye aliyeanza na ya tatu kabla ya kwanza hurudishwa nyuma, na pengine ada aliyolipa huwa imepotea.

NANI HUFANYA NINI

Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, inayojulikana kama KNQA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ndiyo inayosimamia mfumo wa ngazi 10 ambao vyeti vya Kenya hupangwa ndani yake. Cheti cha shule ya msingi kiko ngazi ya 1, cha sekondari ngazi ya 2, diploma ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7, na shahada ya uzamivu ngazi ya 10. Mamlaka hiyo pia hulinganisha vyeti vya nje na ngazi hizo.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, hutambua na kulinganisha shahada za vyuo vikuu vya nje. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, hulinganisha vyeti vya shule vya nchi nyingine na vya hapa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yenye makao yake Commercial Street katika eneo la Industrial Area, hupima ujuzi wa mafundi.

Kisha yapo mabaraza ya taaluma. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Wauguzi. Madaktari na madaktari wa meno wana baraza lao, kadhalika maafisa wa kliniki. Wafamasia husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, na walimu na Tume ya Huduma za Walimu, TSC.

Vibali vya kazi hutolewa na idara ya uhamiaji. Mkimbizi huhudumiwa pia na Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Je, Serikali ya Kaunti iko wapi? Kwa mujibu wa Mpangilio wa Nne wa Katiba ya 2010, kaunti husimamia hospitali na zahanati za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya mafunzo ya ufundi vya ngazi ya kijiji, na leseni za biashara. Kwa hiyo kaunti ni mwajiri wa wauguzi na msimamizi wa baadhi ya mafunzo, lakini haitambui vyeti vya nje wala haitoi leseni za taaluma. Mtu yeyote anayedai kuwa afisa wa kaunti anayeweza "kupitisha" cheti cha nje ni mlaghai.

MTEGO WA MAJINA

Matatizo mengi huanza na neno moja lenye maana mbili.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwanafunzi akifaulu mtihani wa mwisho wa sekondari hupewa Diplôme d'État. Mwajiri wa Nairobi akiona neno hilo hudhani ni diploma, yaani ngazi ya 6. Kumbe ni cheti cha kumaliza sekondari. Mwenye cheti akijaza fomu kuwa ana diploma, afisa anayekagua anaweza kumwona kama mdanganyifu, ingawa alitafsiri tu neno lililoandikwa.

Neno Licence nalo humpoteza mtu. Kwa Mkenya, leseni ni ruhusa ya kuendesha gari au kufungua duka. Katika nchi zinazosoma kwa Kifaransa, Licence ni shahada. Zaidi ya hayo, uzito wake hutegemea mwaka. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mwanafunzi alisoma Graduat kwa miaka mitatu kisha Licence kwa miaka miwili, jumla miaka mitano. Katika mfumo mpya ulioanza kuenezwa kwenye vyuo vikuu katika mwaka wa masomo wa 2021 na 2022, Licence ni ya miaka mitatu. Vyeti viwili vyenye jina moja havina uzito mmoja, ndiyo maana karatasi ya matokeo ya kila somo na kila mwaka ni muhimu kuliko cheti chenyewe.

Wauguzi wa Kongo hutajwa kwa herufi na tarakimu. A2 ni aliyesomea uuguzi katika shule ya kiwango cha sekondari. A1 alisoma miaka mitatu ya elimu ya juu baada ya sekondari. A0 ana shahada. Kwa jirani wa Kayole wote watatu ni "nasi kutoka Kongo". Kwa Baraza la Wauguzi ni watu watatu tofauti.

Tarehe pia ina mtego. Ethiopia hutumia kalenda yake yenye miezi 13, iliyo nyuma ya kalenda ya kawaida kwa miaka 7 au 8 kulingana na mwezi. Cheti kilichotolewa mwezi wa Sene mwaka 2006 kwa hesabu ya Ethiopia kilitolewa Juni au mwanzoni mwa Julai 2014. Asiyejua hilo huona kwamba mtu alimaliza chuo kikuu akiwa na miaka 15, akashuku.

Halafu kuna majina ya watu. Kwa tahajia ya Kisomali, Mohamed huandikwa Maxamed, Hassan huwa Xasan, na Ali huwa Cali. Mkongomani huweza kuandika jina la ukoo kwanza na la ubatizo mwisho. Cheti kikiwa na jina moja na kitambulisho jina lingine, ofisi haitadhania kuwa ni mtu mmoja. Dawa yake ni hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu huyohuyo. Hati hiyo iandaliwe mapema, kabla ya kupeleka ombi la kwanza, kisha itumike katika ofisi zote.

MFANO WA KWANZA: MUUGUZI KUTOKA BUKAVU

Mifano mitatu inayofuata imetungwa kwa ajili ya kufunza, lakini hatua zake ni za kweli.

Mama mmoja alisomea uuguzi Bukavu kwa miaka mitatu baada ya sekondari, yaani A1, akafanya kazi katika wodi ya wazazi. Vita vilimfukuza. Sasa anaishi Kayole na ni mkimbizi aliyeandikishwa. Majirani wamemjua. Usiku mtoto akishikwa na degedege, mlango wake ndio hugongwa kwanza.

Kosa la kwanza ambalo angeweza kufanya ni kukubali. Kumlaza mtoto kwa ubavu, kumpunguzia nguo na kuwahimiza wazazi wakimbilie hospitali ni msaada ambao mtu yeyote anaweza kutoa. Kumchoma sindano au kufungua chumba cha matibabu nyumbani bila leseni ni kosa la jinai. Likitokea jambo baya, jina lake litaharibika kabla ombi lake halijafunguliwa.

Njia yake halali ni hii. Kwanza anakusanya karatasi: Diplôme d'État, cheti cha Graduat, matokeo ya miaka yote mitatu, na ushahidi wa kazi aliyofanya. Pili, anazipeleka zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayekubalika na ofisi husika. Tafsiri ihifadhi jina la asili la cheti, na maelezo ya kiwango yawekwe kando. "Graduat, miaka mitatu baada ya sekondari" ni tafsiri salama. Kuandika "Digrii" ni kujitafutia matata.

Tatu, vyeti hulinganishwa. Nne, ndipo anapoliendea Baraza la Wauguzi. Baraza litataka kujua kutoka nchi ya asili kama alihitimu na kama alisajiliwa huko. Litapima mtaala aliousoma: saa za darasani, wodi alizopitia, na idadi ya wazazi aliowazalisha akiwa mwanafunzi. Linaweza kumtaka afanye kazi kwa muda chini ya usimamizi, kisha afanye mtihani.

Hapo kuna jambo la lugha ambalo wengi hulidharau. Muuguzi huyu huenda anazungumza Kiswahili kizuri cha Kivu, tena kuliko wenyeji wengi wa Nairobi, lakini alisoma kwa Kifaransa. Mtihani, majina ya dawa na faili ya mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Miezi ambayo ombi liko njiani ndiyo miezi ya kujifunza Kiingereza cha hospitali. Aliyengoja jibu kwanza ndipo aanze kusoma hupoteza mwaka mwingine.

MFANO WA PILI: MWALIMU KUTOKA JIMMA

Mwanamume anayeishi Eastleigh ana shahada ya kufundisha hisabati na fizikia kutoka Ethiopia. Shule moja ya binafsi iko tayari kumchukua. Mwenye shule anamwambia, "Wewe anza Jumatatu, karatasi zitakuja."

Ushauri huo ni mbaya kwa wote wawili. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu ambaye hajasajiliwa kufundisha, na katazo hilo linagusa shule ya umma na ya binafsi. Mwalimu wa namna hiyo hulipwa chini ya wenzake, na akilalamika huambiwa hana karatasi. Mlango uliofunguliwa kwa haraka hugeuka kuwa mtego wa mshahara.

Mwalimu huyu atahitaji ofisi tatu kwa elimu yake tu. KNEC italinganisha cheti chake cha sekondari. CUE italinganisha shahada yake. TSC ndiyo itakayomsajili, ikiangalia masomo mawili anayofundisha na kama alipitia mafunzo ya ualimu pamoja na mazoezi darasani. Mtu aliyesoma hisabati tupu bila ualimu hatasajiliwa kwa shahada hiyo peke yake, kama vile Mkenya mwenye shahada ya namna hiyo asivyosajiliwa.

Yeye aambatanishe maelezo ya tarehe za kalenda ya Ethiopia tangu mwanzo. Ukurasa mmoja wenye safu mbili, tarehe ya Ethiopia na tarehe ya kawaida, humwondolea afisa shaka kabla haijaingia.

MFANO WA TATU: FUNDI ASIYE NA CHETI

Kijana kutoka ng'ambo ya mpaka ametengeneza injini tangu utotoni katika gereji ya mjomba wake. Sasa anafanya vibarua Kariobangi Light Industries. Hana cheti chochote, basi hana cha kulinganisha.

Huyu ndiye mwenye njia fupi kuliko wote, ingawa mara nyingi ndiye wa kwanza kukata tamaa. NITA hupima ufundi kwa daraja tatu: la III, la II na la I. Mtihani huangalia mkono: fungua, rekebisha, funga, eleza ulichofanya. Makanika, mafundi cherehani, washi, wasusi, wachomeleaji na mafundi umeme wote wamo. Anayefaulu daraja la III hupata cheti cha Kenya chenye ngazi katika mfumo wa kitaifa, na anaweza kupanda daraja kwa daraja. Wakimbizi wamekuwa wakifanya mitihani hii.

Kuna pia utaratibu wa kitaifa wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, unaosimamiwa na KNQA. Msingi wake ni kwamba ujuzi ni ujuzi, hata ukipatikana chini ya mwembe, ilmradi uweze kuonyeshwa na kupimwa.

Fundi wa umeme akumbuke jambo la ziada. Cheti cha NITA kinaonyesha ujuzi, lakini kufunga nyaya kwenye majengo kunahitaji leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA.

WAKATI CHETI AU CHUO HAKIPO

Mzee aliyesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kabla ya 1991 ana taabu ya aina yake. Serikali ilianguka mwaka huo, chuo kikafungwa, na hakikufunguliwa tena hadi 2014. Ofisi ya Nairobi ikiandika barua kuomba uthibitisho wa mwanafunzi wa miaka ya 1980, jibu huenda lisije.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1966, uliliona tatizo hili. Kifungu cha 25 kinazitaka nchi zilizopokea wakimbizi ziwasaidie kupata hati ambazo kwa kawaida mgeni angezipata kupitia serikali ya kwao. Pia, kumtaka mkimbizi aende ubalozi wa serikali aliyoikimbia ni kumhatarisha. Mwenye hofu hiyo aieleze mapema kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, na aiandike katika ombi lake.

Ushahidi mwingine hukusanywa kama vipande vya mtungi uliovunjika. Kitambulisho cha zamani cha chuo, picha ya mahafali, barua ya kazi, kitabu cha malipo ya mshahara, au taarifa ya kiapo ya mwenzake aliyesoma naye na ambaye tayari ametambuliwa nchi nyingine. Kipande kimoja hakitoshi, lakini vingi vikisema jambo moja vina uzito. Hata hivyo, kwa kazi zinazogusa uhai wa mtu, vipande hivyo humpeleka mtu kwenye mtihani, wala haviondoi mtihani.

VIPI KUHUSU JUMUIYA YA AFRIKA MASHARIKI?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambue vyeti na sifa za kitaaluma za kila mmoja. Wengi hudhani kwamba hilo limemaliza kazi. Bado.

Utambuzi huo hutekelezwa taaluma moja baada ya nyingine, kwa makubaliano yanayotiwa saini na mabaraza yenyewe. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini mwaka 2011, wahandisi 2012, na madaktari wa mifugo 2016. Mhandisi aliyesajiliwa Tanzania au Uganda, kwa mfano, ana njia iliyonyooka zaidi ya kusajiliwa Kenya. Anayetoka katika taaluma au nchi ambayo baraza lake halijatia saini hupita njia ya kawaida.

Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Nchi kuingia hakumpi muuguzi au mhandisi wake usajili siku hiyohiyo. Mwenye cheti aulize baraza la taaluma yake swali moja: "Je, baraza la nchi yangu lina makubaliano nanyi?"

RUHUSA YA KAZI

Asiye raia anayeajiriwa huhitaji kibali cha kazi. Mkimbizi ana daraja lake, M, ambalo hutolewa bila malipo. Ombi huambatana na uthibitisho wa hadhi yake ya ukimbizi na barua ya mwajiri.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya taaluma yake ikiwa sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiungo cha somo hili lote: haki ipo, lakini hupitia mlango wa utambuzi.

Hapa wengi hukwama. Mwajiri anataka kibali kwanza, na ofisi ya vibali inataka barua ya mwajiri. Njia ya kutoka ni mwajiri kuandika barua ya nia ya kuajiri, ikisema kazi itaanza baada ya leseni na kibali kutolewa. Barua hiyo haimfungi mwajiri kumlipa mtu kabla ya wakati, wala haivunji sheria.

KWA NINI UKAGUZI NI MKALI

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za umma ulifichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Hivyo vilikuwa vyeti vya watumishi waliokuwa tayari kazini nchini. Ukali wa ofisi, basi, haukuanzia kwa wageni, ingawa mgeni huuhisi zaidi kwa sababu chuo chake kiko mbali.

Wakenya nao wameonja upande wa pili. Mwaka 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya. Wauguzi wa Kenya waliotaka kwenda walikuta kwamba cheti cha Kenya hakitoshi: ulikuwapo mtihani wa Kiingereza, wa nadharia na wa vitendo. Familia nyingi za Umoja na Buruburu zinaijua ada hiyo na usiku huo wa kusoma. Anayemwelewa binti yake anayengoja jibu kutoka London hana budi kumwelewa jirani anayengoja jibu kutoka Upper Hill.

MAJIBU MATATU NA LA KUFANYA

Ombi la ulinganifu huweza kupata mojawapo ya majibu matatu. Cheti kikitambuliwa kikamilifu, mwenye nacho aende hatua inayofuata. Kikitambuliwa kwa kiwango cha chini kuliko alichotarajia, aombe sababu kwa maandishi: je, ni masomo yaliyopungua, au karatasi? Karatasi huongezwa, masomo hufidiwa kwa kozi fupi, na hakuna haja ya kurudi mwaka wa kwanza. Kikikataliwa, aulize utaratibu wa kukata rufaa na muda wake, kwa maana siku zikipita nafasi hupotea.

KUJIHADHARI

Malipo ya huduma za serikali hufanywa kupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Anayetaka pesa zitumwe kwa simu yake binafsi asipewe. Cheti asili kisiachwe saiba wala mikononi mwa broka. Nakala zilizothibitishwa ndizo hupelekwa, na cheti asili huonyeshwa kinapohitajika. Kila ombi liwe na nambari ya kumbukumbu, iandikwe mahali salama. Kwa msaada wa kuingia eCitizen, wakazi wanaweza kufika Huduma Centre ya Makadara au ya Eastleigh.

KWA MWAJIRI

Mwajiri asikatae karatasi kwa sababu tu imeandikwa kwa Kifaransa, Kiarabu au Kiamhari, wala asiikubali kwa sababu ina mhuri mkubwa. Amwombe mwombaji barua ya ulinganifu na nambari ya usajili, kisha athibitishe mwenyewe kwa baraza husika. Asiyesajiliwa asipewe kazi ya taaluma kwa jina lingine, kama vile kumwita muuguzi "msaidizi" huku akishika zamu ya muuguzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA AU DARASA

1. Jirani ana Diplôme d'État na anataka kuomba kazi inayohitaji diploma. Utamshauri nini?
2. Taja tofauti kati ya kulinganishwa kwa cheti na kusajiliwa katika taaluma.
3. Fundi cherehani mwenye uzoefu wa miaka 12 hana cheti. Aende ofisi gani, na aanze na daraja lipi?
4. Daktari anaambiwa na mtu kwamba kwa shilingi kadhaa atapata leseni bila kuthibitishiwa cheti. Ni dalili gani zinaonyesha kuwa huo ni ulaghai?
5. Katika mtaa wako, ni taaluma zipi zilizolala kwa kukosa kutambuliwa? Ni hatua gani ya kwanza ambayo mwenye taaluma hiyo angechukua wiki hii?